Kokoto zinamezwa na tope kila mvua: nitandike jiogridi, kitambaa, au nichanganye chokaa?

"Nina barabara ya kuingilia shambani, urefu kama mita 800, upana mita 4. Udongo ni ule mweusi wa mfinyanzi, kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono, mvua ikinyesha unakuwa uji. Nimeshamwaga kokoto mara tatu na kila mvua zinapotea. Zinapita pikapu na lori moja la tani 10, safari chache kwa siku. Muuzaji mmoja ananiambia nitandike jiogridi halafu nipunguze kokoto nusu. Jirani anasema hiyo ni plastiki tu, miaka miwili imeoza. Fundi mwingine anasema niachane na hayo yote nichanganye chokaa. Mtaro ulikuwepo mmoja upande wa juu, umejaa. Nifanyeje, na nitajuaje kama ninachouziwa kinanifaa?"

Pole na hizo safari tatu za kokoto, najua hapo imetoka hela ya maana. Kwa kifupi unauliza kipi kati ya vitu vitatu kitazuia barabara isizame, na kila aliyekushauri ameshika kipande chake cha ukweli, jirani peke yake ndo kakosea karibu kote. Lakini kabla hatujafika kwenye kununua, chukua jembe uchimbe kashimo pale lori linapozama zaidi. Nina uhakika mkubwa utazikuta kokoto zako humo humo, sm 30 au 40 chini, zimejaa tope kila upande. Hazijaenda popote, zimechanganyika.

Hapa ndo pa kuelewa vizuri manake mengine yote yanatokea hapa. Kokoto zinabeba gari kwa sababu jiwe limekaa juu ya jiwe, yanasuguana na kubanana, mzigo wa gurudumu unatawanyika kwenda chini ukiwa mpana na mwepesi zaidi. Sasa chini yake kuna mfinyanzi uliolowa. Gurudumu likipita, jiwe la chini linasukumwa linazama kidogo kwenye udongo laini, na wakati huo huo maji yaliyomo ndani ya mfinyanzi yanabanwa, hayana pa kutokea haraka kwa sababu mfinyanzi hupitisha maji polepole sana, kwa hiyo yanatafuta njia ya juu, na yakipanda yanabeba chembe laini za udongo hadi kwenye nafasi kati ya mawe. Kila gari linapopita ni pampu inapigwa mara moja. Baada ya muda mawe hayagusani tena, kila moja limevaa koti la utelezi. Na haihitaji tope jingi: udongo ukishafika kama asilimia 20 ya uzito wa mchanganyiko, nguvu ya tabaka lako inashuka karibu iwe sawa na ya tope lenyewe. Ndo maana uliongeza mzigo wa pili na wa tatu na bado ukarudi pale pale, ulikuwa unalisha tope.

Kwa hiyo tatizo lako la kwanza ni mchanganyiko. La pili ni maji. Udhaifu wa udongo wenyewe kubeba mzigo naupa nafasi ya tatu, na hilo ndilo muuzaji analotaka kulitibu kwanza.

Jiogridi, kitambaa na ndugu zao wote kwa pamoja tunaviita jiosinthetiki, ni familia kubwa, na kosa la kawaida ni kudhani kwamba vinafanya kazi moja inayoitwa "kuimarisha". Kuna kutenganisha matabaka mawili yasichanganyike, kuchuja ili maji yapite na udongo ubaki, kuondoa maji, kubeba mvuto, na kuziba kabisa. Kitambaa, yaani jiotekstaili, kinatenganisha na kuchuja, na kikiwa imara kinasaidia kubeba pia. Jiogridi ni wavu wenye matundu, kazi yake ni kubana mawe. Jiomembreni ni ngozi isiyopitisha maji, ya mabwawa na madampo. Na hapa niseme kabisa, usije ukatandika turubai au nailoni nyeusi ya kawaida ukidhani umebana matumizi, hiyo inafungia maji pale pale ambapo hutaki yakae na inaweka uso wa kuteleza chini ya kokoto.

Tuje kwa jiogridi ya muuzaji. Inafanyaje kazi? Gurudumu likikanyaga tabaka la kokoto, mawe ya chini yanataka kukimbia pembeni, kulia na kushoto. Wavu ukiwa umelala chini yao, mawe yanaingia nusu kwenye matundu yanakwama, hayakimbii tena, tabaka zima linakuwa gumu na linasambaza mzigo kwa upana zaidi. Ni kitu cha kweli, kimejaribiwa miaka mingi. Ila tazama masharti yake. La kwanza, tundu lilingane na jiwe: kwa utaratibu wa kawaida tundu lisiwe dogo kuliko ukubwa wa wastani wa mawe yako, na lisizidi mara mbili ya yale makubwa makubwa. Ukimwaga changarawe laini yenye vumbi kwenye wavu wa matundu mapana hakuna kinachobanwa, umezika hela. La pili, matundu yale yale yanayokamata jiwe ndiyo yanayoruhusu mfinyanzi upande juu. Kwenye udongo wako jiogridi peke yake juu ya tope haizuii ile pampu niliyoieleza. Itachelewesha, itapunguza mawe kuzama, lakini tope litapanda. Ndo maana kwenye mfinyanzi uliolowa tunaweka kitambaa kwanza, wavu juu yake kama unahitajika, halafu mawe.

Kuna na hii dhana kwamba wavu au kitambaa kinabeba gari kama daraja. Huwa kinabeba hivyo, ila kwa gharama: ni kama kitanda cha kamba kilicholegea, lazima uzame kwanza ndipo kamba zikaze zikubebe. Barabarani maana yake ni lazima njia ya magurudumu iwe imebonyea vya kutosha na magari yapite palepale kila siku. Kwa barabara ya muda ya kuingiza mitambo, sawa. Kwa barabara unayotaka ikae tambarare, usiitegemee hiyo, tegemea kule kubana mawe na kutenganisha.

Kuhusu kupunguza kokoto nusu. Nisingekubali bila hesabu. Kwenye udongo laini akiba ya asilimia 20 hadi 40 ya unene ni jambo linalotokea mara nyingi, na zaidi ya hapo inawezekana kwenye mazingira fulani, lakini nusu ya nini? Kama hesabu ya bila jiosinthetiki inasema sm 50 basi sm 30 na kitu inaweza kutosha. Wewe kama ulikuwa unamwaga sm 15 kila mara, nusu yake ni sm 7, na hiyo sio barabara hata uweke wavu wa dhahabu. Tabaka la kwanza juu ya kitambaa lisiwe chini ya sm 15, na kwenye tope kama lako sm 20 hadi 30, la sivyo tairi na mashine zinakichana hata kabla barabara haijaanza kutumika.

Jirani na kuoza kwake. Mwaka 1926 idara ya barabara ya jimbo la South Carolina, Marekani, ilitandika kitambaa kizito cha pamba barabarani, ikamwaga lami ya moto juu na mchanga mwembamba. Matokeo yaliyochapishwa 1935 yalionyesha barabara zilikaa vizuri mpaka kitambaa kilipochakaa. Kwa hiyo ingekuwa pamba, au katani, au makumbi ya nazi, jirani angekuwa sahihi, na hivyo vya asili bado vinatumika pale unapotaka kitu kikae msimu au miaka michache tu, mfano kushika udongo wa mteremko mpaka nyasi ziote. Ila vya barabara siku hizi ni polipropilini, poliesta au polithini, wadudu wa udongoni hawavili. Vina maadui wao lakini. Jua ndo adui mkubwa, kitambaa kilichoachwa wazi kinapoteza nguvu kimya kimya, kwa hiyo roli za kitambaa, yaani kikiwa bado kimeviringishwa, zifunikwe stoo, na kikishatandikwa kifunikwe na mawe, nataka iwe siku hiyo hiyo au ya pili yake, ukizidisha wiki mbili hiyo ni hatari. Adui wa pili ni siku ya ujenzi yenyewe, visiki, mawe makali, dereva wa lori anayegeuza juu yake. Na poliesta haipendi mazingira ya chokaa au saruji mbichi, alkali kali inaikata taratibu. Hilo likumbuke maana tunaingia kwenye chokaa sasa hivi.

Fundi wa chokaa hajakosea. Mfinyanzi unaonata kama wako ndio hasa unaoitikia chokaa: unapungua kunata, ule uvimbaji wake unashuka, unakuwa wa chembechembe na unashindilika. Kipimo huwa kama asilimia 3 hadi 6 ya uzito wa udongo mkavu, ila maabara ndo inasema. Shida ni utekelezaji. Lazima ichanganywe sawasawa hadi chini, sm 15 hadi 20 na zaidi, kwa mashine ya kusaga udongo, iwekewe maji ya kutosha, iachwe ikomae, ishindiliwe kwa wakati. Kumwaga mifuko juu na kupitisha trekta la kulimia kunakupa mabaka, hapa jiwe pale uji. Na udongo ukiwa na salfeti nyingi, aina fulani ya chumvi, chokaa inaweza kufanya uvimbe zaidi badala ya kutulia, kwa hiyo bila kupima usianze. Kwa mita 800 kama mashine haipo karibu, mi ningeenda kwenye kitambaa. Kama ipo na una fundi anayejua kweli, chokaa ni chaguo la heshima, tena unaweza kuweka kitambaa cha polipropilini juu yake, sio poliesta.

Kuna jambo moja hakuna aliyekuambia. Huo udongo wako mweusi unavimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, ndo zile nyufa za kuingiza mkono, na hakuna kitambaa wala wavu unaozuia hilo. Ukingo wa barabara unalowa na kukauka kuliko katikati, kwa hiyo pembeni panapanda na kushuka huku katikati pametulia, na barabara inachanika nyufa ndefu zinazofuata ukingo. Huko Texas, Marekani, kwenye mfinyanzi wa namna hii, utafiti wa Jorge Zornberg na wenzake umeonyesha jiogridi ndani ya tabaka la msingi inapunguza sana nyufa hizo za urefu. Inashikilia lisipasuke, udongo wenyewe unaendelea kuvimba kama kawaida yake. Kwa barabara ya kokoto wewe ufa unauziba kwa greda, kwa hiyo usinunue wavu kwa hofu hiyo. Siku ukitaka kuweka lami ndo hadithi inabadilika. Na usipande miti karibu na ukingo, mizizi inakausha udongo upande mmoja na kazi inakuwa ile ile.

Sasa maji. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Mtaro uliojaa upande wa juu maana yake maji ya shamba zima yanavuka kupitia chini ya barabara yako, na hakuna roli la kitambaa duniani linaloshindana na hilo. Kabla hujalipia chochote, zibua huo mtaro, chimba wa upande wa pili kama ardhi inaruhusu, chini ya mtaro pawe chini kuliko chini ya kokoto zako, na upate pa kuyatoa, sio mtaro unaoishia katikati ya shamba ukawa bwawa. Mahali maji yanapotaka kuvuka weka kalvati. Uso wa barabara uwe na mgongo, kila mita moja kutoka katikati ishuke sm 4 hadi 6. Udongo huo huo ukikauka una nguvu mara nyingi zaidi ya ukilowa, kwa hiyo mtaro nao ni kuimarisha udongo, tena ndo wa bei rahisi.

Halafu pima. Wahandisi wanatumia CBR, namba inayolinganisha ubebaji wa udongo na mawe yaliyosagwa ambayo ni 100. Bila vifaa, subiri udongo ukiwa umelowa utembee juu yake nje ya kokoto. Mguu ukizama sm 5 au zaidi uko chini ya 1. Ukizama sm 2 hivi uko kwenye 1 na kidogo. Kama unatembea vizuri ila pikapu inaacha alama ya sm 1 au 2, uko 2 hadi 3. Ni makadirio, lakini yanatosha kujua unaongea na muuzaji kuhusu nini. Kwenye 2 hadi 3, kwa magari uliyotaja, mi ningeanzia kitambaa kizuri na sm 20 hadi 25 za mawe baada ya kushindilia. Kwenye 1, kitambaa, na wavu juu yake, na sm 30 hadi 40. Chini ya hapo usiendelee peke yako.

Na zile kokoto zilizozama, usizifukue! Zimeshaufanya udongo pale kuwa mgumu kidogo. Chonga uso upate mgongo, jaza mashimo, tandika juu yake. Sehemu laini sana usikwangue nyasi na mizizi yake, kata tu juu usawa wa ardhi, ule mtandao wa mizizi unakusaidia. Visiki na mawe yaliyochomoza ndo yatoke.

Kutandika: roli linanyooshwa kufuata urefu wa barabara, hakuna mikunjo, linabanwa kwa mawe machache au pini. Pale vipande viwili vinapokutana, udongo wa CBR zaidi ya 3 unalalisha kimoja juu ya kingine sm 30 hadi 45, kati ya 1 na 3 ni sm 60 hadi mita nzima, na laini zaidi ya hapo mita nzima au kushona kabisa. Watu wanaibia hapa kuliko popote, wanaweka kiganja kimoja wanasema kimefunika, mzigo ukija vinaachana na tope linatokea kwenye huo mstari kama limechorewa. Mlalo wa kipande cha mbele uwe chini ya cha nyuma kwa uelekeo wa kumwaga mawe, ili tingatinga likisukuma lisifunue. Lori lisikanyage kitambaa kitupu, lirudi kinyumenyume juu ya mawe yaliyokwisha mwagwa, limwage palepale, tingatinga lisukume mbele. Lisigeuze juu ya tabaka jembamba. Likiacha mifereji ya magurudumu, jaza kwa mawe mapya, usikwangue matuta ya pembeni kujazia maana unalipunguza tabaka mahali ambapo tayari limeonewa. Na kwenye tope lililolowa, tabaka la kwanza shindilia bila mtetemo, mtetemo unaita maji juu.

Kwa muuzaji, omba karatasi ya vipimo. Kitambaa kiwe na daraja la AASHTO M 288, kile kiwango cha Marekani ambacho viwanda vingi vinakiandika: kwa hali yako nataka daraja la 1, ambalo ni nguvu ya mshiko (kinashikwa na kuvutwa mpaka kikatike) niutoni 1400 kwa vya kufumwa na 900 kwa visivyofumwa vinavyonyumbulika. Mi kwenye mfinyanzi wenye maji napendelea kisichofumwa, kile kinachofanana na blanketi, kinapumua vizuri. Vile vya utepe bapa vinavyofanana na gunia la plastiki vina nguvu ila vingi vinapitisha maji kidogo na vinaziba. Kwa jiogridi usitishwe na nguvu ya kukatika, uliza nguvu yake ikivutika asilimia 2 na asilimia 5, barabarani ndo inafanya kazi huko, haifiki kukatika. Akikosa karatasi, ondoka.

Kama mawe yako mbali ila mchanga upo, kuna jioseli pia, vyumba vya plastiki kama sega la nyuki unavijaza mchanga, jeshi la Marekani walianza kulifanyia kazi miaka ya 1970 wapitishe magari mchangani. Zinafanya kazi vizuri, ila kwenye mfinyanzi bado utataka kitambaa chini yake.

Ah, na mabomba. Kama utapitisha maji au umeme kuvuka barabara, weka sasa kabla ya kutandika. Ukija kuchimba baadaye unakata kitambaa, na kukirudisha ni kazi, lazima ufunue zaidi pande zote mbili upate nafasi ya kulalisha kiraka.

Mhandisi wa udongo mlete akakanyage mwenyewe kama mguu unazama kuliko nilivyosema, kama ukichimba unakuta udongo mweusi wenye majani yaliyooza na harufu, kama barabara inapita kwenye tuta la zaidi ya mita moja juu ya tope au kwenye mteremko unaosogea, au kama malori yataongezeka kuwa mengi kila siku. Tuta juu ya udongo laini linaweza kuteleza zima zima, na kitambaa cha chini kikizuia lisipasuke bado litazama kwa miezi au miaka, hesabu yake sio ya kwenye simu. Atakuja na fimbo ya chuma yenye nyundo ya kilo 8, atapiga sehemu kadhaa kwenye mita zako 800, na huenda akakuambia ni mita 200 tu ndizo zinahitaji kitambaa, kwingine mtaro na kokoto zinatosha. Mwite wakati udongo umelowa, akija kiangazi atakupimia barabara nyingine kabisa.